Msikilizaji si lazima awe msomaji: Jarida la muziki la vijana ng'ambo ya kisiwa liandikiwe nani?

Na MWANDISHI WETU

NI nadra kupita maskani za vijana wa Likoni, Kisauni au Changamwe bila kumpata angalau mmoja mwenye azma ya kuanzisha jarida la muziki.

Hoja zake huwa ni zile zile, na ni vigumu kuzipinga. Wasanii wa Pwani hawaandikwi vya kutosha. Kurasa za burudani hujaa majina ya Nairobi, nazo redio na matatu hujaa nyimbo za Dar es Salaam. Kijana wa Mtongwe au Mshomoroni akitajwa katika vyombo vya habari, mara nyingi ni kwa sababu ya magenge yenye visu na mapanga, wala si kwa wimbo aliourekodi.

Safari za majarida ya aina hii pia hufanana. Marafiki huchangishana fedha, wasanii hupigwa picha, mchapishaji hupatikana. Toleo la kwanza husifiwa na kila mtu. La pili huchelewa. La tatu halionekani kamwe, na nakala zilizosalia huishia uvunguni mwa kitanda cha mhariri.

Ukimuuliza mwanzilishi jarida lake lilikuwa la nani, hujibu bila kusita kuwa lilikuwa la vijana wa Mombasa. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, jibu hilo ndilo chanzo cha hasara, wala si karatasi ghali au wino mbaya. "Vijana wa Mombasa" si msomaji. Msomaji ni mtu anayeweza kuonyeshwa kwa kidole: anaishi wapi, anatumia lugha gani, mfukoni ana nini, na ni saa ngapi mikono yake huwa mitupu.

Hesabu ya boksi moja

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, tuchukue mfano wa kukadiria tu. Vijana watano wakichanga Sh30,000 kila mmoja, watapata Sh150,000. Ikiwa nakala moja itagharimu Sh75 kuchapishwa, fedha hizo zitatoa nakala 2,000.

Jarida likiuzwa kwa Sh100, na mchuuzi akabaki na Sh20 kwa kila nakala, wenyewe watapokea Sh80. Maana yake ni kwamba nakala zote zikiuzwa, bila hata moja kuloa mvua wala kutolewa bure kwa rafiki, faida ni Sh10,000.

Lakini nakala 125 tu zikikosa mnunuzi, faida hiyo yote imekwisha. Nakala 125 ni boksi moja. Yaani tofauti kati ya kuendelea na kufunga ni boksi moja lililopelekwa mahali pasipo na msomaji. Na fedha zinazopotea hapo kwa kawaida si za tajiri. Ni akiba ya mwendeshaji bodaboda, karo ya muhula ujao, au mkopo wa chama ambao lazima urudishwe.

Kijana ni nani?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 260, inamtambua kijana kuwa mtu aliyetimiza miaka 18 lakini hajatimiza 35. Fasili hiyo inafaa katika masuala ya uongozi na ajira. Kwa mhariri wa jarida la muziki, haina manufaa makubwa.

Kwanza ni pana mno. Mtu wa miaka 33 mwenye watoto wawili na kodi ya nyumba ya kulipa Bombolulu hawezi kupenda kurasa zile zile anazopenda wa miaka 19 aliyemaliza shule mwaka jana. Pili, inamwacha nje mpenzi mkubwa kabisa wa muziki, naye ni mwanafunzi wa sekondari wa miaka 15, 16 au 17, yule anayeandika maneno ya nyimbo nyuma ya daftari la hisabati.

Idadi ya watu nayo inahitaji kutazamwa kwa makini. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Kati yao, waliokuwa Mvita, eneo ambalo ndilo kisiwa chenyewe, walikuwa 154,171 pekee. Wengine wote, 1,054,162, walikuwa ng'ambo: Likoni 250,358, Kisauni 291,930, Nyali 216,577, Jomvu 163,415 na Changamwe 131,882.

Msomaji akumbuke kwamba Nyali ilikuwa sehemu ya eneobunge la Kisauni, na Jomvu sehemu ya Changamwe, hadi mipaka mipya ilipoanza kutumika katika uchaguzi wa 2013. Wazee bado hutaja majina yale matatu ya zamani, na makala haya yatafanya vivyo hivyo.

Kwa hivyo, katika kila wakazi wanane wa Mombasa, saba wako nje ya kisiwa. Hata hivyo maduka ya vitabu, ofisi za magazeti na kumbi kubwa zimezoea kuwa kisiwani. Jarida linalozinduliwa mjini na kuuzwa barabara ya Moi linamtafuta mtu mmoja kati ya wanane, kisha linashangaa kuwa soko ni dogo.

Watu watatu katika jina moja

Kosa la pili ni kuchanganya msikilizaji, msomaji na mnunuzi. Katika muziki watu hawa huonekana kama mmoja, lakini katika karatasi wanatengana.

Msikilizaji yuko kila mahali na hagharimiki. Nyimbo humfikia katika matatu, katika tuktuk, kwenye simu ya mwenzake na kwenye harusi ya jirani. Ukimuuliza kama anapenda muziki atasema ndiyo, na jibu hilo halina thamani yoyote kwa sababu kila mtu hulitoa.

Msomaji ni yule anayetaka kujua zaidi ya sauti: wimbo ulirekodiwa wapi, maneno yale yana maana gani, mtayarishaji ni nani, na kwa nini kundi fulani lilivunjika. Huyu ni mchache zaidi, ingawa si mchache kama wengi wanavyodhani.

Mnunuzi ndiye anayetoa pesa, na pengine hasomi hata ukurasa mmoja. Kinyozi wa Magongo hununua nakala moja na kuiweka mezani ili wateja wasichoke kungoja. Watu ishirini huisoma kabla haijachakaa. Mama wa Mikindani humnunulia mwanawe kitu cha kusoma wakati wa likizo. Mama huyo akiona jaladani picha ambayo hawezi kuiweka sebuleni mbele ya wageni, atairudisha nakala mahali pake na kwenda zake, hata kama makala ya ndani ni bora kuliko yote yaliyowahi kuandikwa kuhusu muziki wa Pwani.

Kuna na mtu wa nne, ambaye mwandishi angependa kumtaja kwa tahadhari kwa kuwa ndiye humpotosha mhariri zaidi ya wote. Huyu ni msanii mwenyewe. Wasanii ndio wa kwanza kulishangilia jarida, ndio wanaopiga simu usiku kuuliza lini watatokea, na ndio wanaonunua nakala tano siku wanayotokea. Mwezi unaofuata hawaonekani, kwa sababu jarida lina picha ya mwingine. Jarida linaloandikwa ili kuwafurahisha wasanii hugeuka kuwa albamu ya picha zao, na hakuna anayenunua albamu ya picha za jirani kila mwezi.

Ng'ambo tatu, wasomaji tofauti

Kutoka mbali, Likoni, Kisauni na Changamwe huonekana kama mitaa inayofanana ya watu wa kipato cha chini na cha wastani. Aliyekaa huko anajua kuwa si hivyo.

Tuanze na Likoni. Abiria wa miguu hawalipi nauli ya feri, na takwimu zilizokuwa zikitolewa na shirika lililoendesha huduma hiyo kabla haijawekwa chini ya Halmashauri ya Bandari nchini (KPA) zilionyesha kuwa zaidi ya watu 300,000 huvuka kila siku. Mwanzilishi wa jarida akiuona umati ule hudondokwa na mate.

Lakini na asimame kwenye mteremko saa kumi na mbili na nusu asubuhi, atazame mikono ya watu badala ya kutazama vichwa. Mkono mmoja umeshika mkoba, mwingine umeshika mtoto au simu. Watu wanakimbia wasiachwe. Aliyefika ndani amesimama akibanwa kila upande, na jicho lake liko kwenye lango la upande wa pili. Jioni ni hivyo hivyo, isipokuwa uchovu umeongezeka na kuna mfuko wa sukuma wiki. Huyu ni msikilizaji, nyaya za simu zimo masikioni. Kusoma, hasomi.

Msomaji wa Likoni yuko nyuma ya feri, si juu yake. Yuko kwa kinyozi wa Timbwani Jumamosi alasiri, katika saluni ya Ujamaa ambako msusi ana wateja wanne mbele, na kibarazani Mtongwe baada ya sala ya alasiri. Nakala 50 zilizowekwa mahali hapo huweza kusomwa na watu wengi kuliko 500 zilizopigiwa kelele kivukoni.

Kisauni ya zamani ndiyo kubwa kuliko zote, ikiwa na zaidi ya watu nusu milioni ukijumlisha Nyali, na ndiyo inayodanganya zaidi. Ukishavuka daraja la Nyali, kulia kuna nyumba zenye mabwawa ya kuogelea na watoto wanaosoma shule za mitaala ya kigeni. Kuna pia soko la Kongowea, na mbele Mshomoroni, Mlaleo na Mtopanga. Kijana wa Nyali ana fedha za kununua, lakini muziki wake na habari zake zote ziko kwenye simu, na kwa Kiingereza. Mhariri anayemfuata kwa sababu ya mfuko wake atabadilisha lugha, kisha wasanii, kisha jarida lote, na mwishowe hatampata.

Ukiendelea hadi Bamburi na Shanzu unakuta hoteli za ufuoni, ambako wanamuziki na wachezeshaji wa santuri huajiriwa kwa msimu. Hawa wanataka kusoma kuhusu kazi: mikataba, malipo, vyombo. Ni wasomaji wa kweli, ingawa ni wachache mno kubeba jarida zima. Ukurasa mmoja unawatosha.

Kisauni hiyo hiyo ina Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Jina la Joseph Ngala, mwanamuziki wa huko, limefungamana na bango, muziki wa gitaa na saksafoni unaochezwa harusini Pwani nzima. Wahariri vijana huuona bango kuwa muziki wa wazee. Na waende harusi yoyote ya Kiembeni, wahesabu ni wangapi walio chini ya miaka 25 wanaobaki vitini bango likianza.

Changamwe nayo ilijengwa na bandari, reli, uwanja wa ndege na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichokoma kusafisha mwaka 2013. Tangu 2017, kituo cha reli mpya cha Miritini kimeongeza wasafiri. Wakazi wengi wa Chaani, Magongo na Port Reitz wana asili ya bara, kwa hivyo kijana wa huko amelelewa kati ya injili ya kanisani, rumba ya baba na hip hop ya maskani. Hufanya kazi kwa zamu. Huenda Jumapili kwake ni Jumanne. Ndugu zake wako Nairobi na Sheng anaielewa.

Hata hivyo tusiharakishe kusema Changamwe ni ya wageni. Jomvu Kuu ni mji wa kale wa Wajomvu, miongoni mwa Waswahili wa Thenashara Taifa. Jarida likitumia Sheng tupu kwa kudhani linaifuata Changamwe, huyo wa Jomvu Kuu litampoteza.

Waliotangulia walifanyaje?

Suala hili si geni Afrika Mashariki. Nchini Uganda, gazeti la vijana la Straight Talk lilianza mwaka 1993 likitiwa ndani ya New Vision. Miaka michache baadaye wachapishaji wake waliona kuwa mtoto wa shule ya msingi hawezi kuzungumziwa sawa na kaka yake wa sekondari, wakaanzisha Young Talk mwaka 1998.

Tanzania inatoa funzo lililo wazi zaidi. Shirika la Femina HIP la Dar es Salaam, lililoanza mwaka 1999, lilikuwa na jarida la Fema lililosambazwa katika shule za sekondari. Mwaka 2003 likaanzisha la pili, Si Mchezo!, kwa ajili ya vijana wa vijijini na walio nje ya shule. Lugha ilikuwa nyepesi, picha nyingi, na visa vilitoka kwa watu wa kawaida wenyewe. Si kwamba vijana wa kijijini walipenda mambo tofauti sana. Walisoma kwa namna tofauti.

Majarida hayo yalikuwa ya elimu na afya zaidi kuliko muziki, na gharama zake hazikutegemea mauzo. Anayeuza nakala zake barabarani hana mto huo wa kuegemea. Lakini kazi ya kumtenga msomaji mmoja na mwingine ni ile ile, na walioifanya walikuwa na pesa zaidi ya sisi.

Hapa Kenya, kitabu cha katuni cha Shujaaz, kilichoanza 2010, kilimtafuta msomaji wake kwa kumchora. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana aliyemaliza sekondari, hana kazi, na anaendesha redio ya siri kutoka chumbani kwake. Kilitumia Sheng, na kiligawanywa ndani ya Daily Nation na katika vibanda vya Safaricom, mahali ambapo kijana wa aina hiyo tayari alikuwa akipita. Miaka mingi kabla yake, mwaka 1973, Hilary Ng'weno na Terry Hirst walikuwa wamefanya jambo kama hilo walipolipa jarida lao jina la mtu mmoja wa kawaida wa mjini: Joe.

Marekani, jarida la hip hop The Source lilianza 1988 kama karatasi moja iliyotolewa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard waliokuwa na kipindi cha redio. Walikuwa na wasikilizaji kabla hawajawa na jarida, na karatasi ya kwanza iliwaendea hao. Somo hilo linawahusu moja kwa moja vijana wa Mombasa wanaotangaza au kuzuru vituo kama Pwani FM na Baraka FM: anayepiga simu studioni kuuliza jina la wimbo amekwisha kujitambulisha kuwa ana kiu ya kujua. Waliopiga simu mara tatu kwa mwezi ni wasomaji bora kuliko elfu waliobonyeza alama ya kupenda.

Karatasi ina kazi kwa nani?

Swali gumu zaidi la wakati huu ni kwa nini mtu anunue karatasi ilhali simu inampa wimbo, picha na umbea wa msanii bure. Nchini Uingereza, Smash Hits lilifungwa 2006, na NME lililoanza 1952 likaacha kuchapishwa kila wiki mwaka 2018. Haitoshi kusema Mombasa ni tofauti. Lazima aonyeshwe mtu ambaye kwake karatasi bado inafanya kazi ambayo simu haifanyi.

Mtu huyo yupo, naye ni mwanafunzi wa sekondari, hasa wa bweni. Haruhusiwi kuwa na simu shuleni. Kwa takriban miezi mitatu ya muhula yuko mbali na nyimbo mpya, na hakuna mwenye njaa ya habari za muziki kumshinda. Nakala moja ikiingia bweni la Shimo la Tewa, huko Shanzu, itapita mikononi mwa darasa zima. Katika miaka ya 2000 jarida la Insyder lilijulikana sana miongoni mwa wanafunzi wa Kenya kwa sababu lilimtambua msomaji huyu.

Kwa hiyo pendekezo la mwandishi ni hili: jarida la muziki la ng'ambo liandikiwe mwanafunzi wa kati ya miaka 15 na 18 wa Likoni, Kisauni au Changamwe. Wengine watalisoma, na wakaribishwe, lakini uamuzi wowote wa mhariri upimwe kwa huyo.

Ukishamtaja hivyo, mambo mengi hujiamua yenyewe. Kwanza ni yaliyomo. Kile anachokitaka kimekwisha kuandikwa nyuma ya daftari lake: maneno ya nyimbo. Smash Hits lilijijenga tangu 1978 kwa kuchapisha maneno hayo. Ni kweli kuwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamlinda mtunzi, na mhariri hawezi kuchapisha wimbo bila idhini. Lakini hapa ndipo udogo unapokuwa nguvu. Kumpata msanii mkubwa wa kigeni atie sahihi ni kazi ya mawakili. Msanii wa Mtopanga hupatikana kwa nauli ya matatu.

Pwani pia ina nyimbo zinazostahili kusomwa na siyo kusikilizwa tu. Ukoo Flani, kundi lililochipuka Mombasa katika miaka ya 1990 kisha likaungana na wenzao wa Dandora, Nairobi, lilijulikana kwa uzito wa maneno yake. Albamu ya Kilio cha Haki ya mwaka 2004, iliyowashirikisha wasanii wa kundi hilo, bado hutajwa na wapenzi wa hip hop. Mwanafunzi anayefundishwa vina na mizani darasani anaweza kuonyeshwa vina hivyo hivyo katika kufoka kwa kijana wa mtaa wake. Mwalimu wa Kiswahili akiliona hilo, jarida limepata mlinzi ndani ya shule.

Pili ni lugha. Kiswahili cha kueleweka na wote ndicho msingi, na Sheng ibaki katika mahojiano, midomoni mwa wanaoizungumza. Vivyo hivyo Kimvita: msanii aliyelelewa na nyanya anayesema "ndoo" badala ya "njoo" asisahihishwe. Msomaji wa Likoni atajiona hapo, na wa Magongo atajifunza.

Tatu ni jalada na matangazo. Msomaji wa miaka 15 hawezi kuwekewa bia wala kamari, japo watangazaji hao ndio hulipa upesi. Uamuzi huu unauma, na afadhali uume mapema. Wanaobaki ni vyuo vya kiufundi, maduka ya sare na vitabu, shule za udereva, studio za kurekodi na akaunti za benki za vijana. Mtangazaji hamhitaji "kijana wa Mombasa"; anahitaji kuambiwa kwamba nakala 400 zimeingia shule nane, akapewa majina ya shule hizo.

Nne ni kalenda. Jarida la msomaji huyu halitoki kila mwezi kwa sababu tu majarida hutoka kila mwezi. Hutoka wiki ambayo shule hufungua, mara tatu kwa mwaka, na pengine toleo la nne katika likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Ramadhani nayo ihesabiwe, maana huja mapema kwa takriban siku 11 kila mwaka, na toleo lililojaa dansi likiangukia mwezi huo katika mtaa wa Kiislamu litalala dukani. Toleo la kasida na maulidi, likiandikwa kwa heshima, halitalala.

Jinsi ya kuhakikisha

Haya yote ni makisio mpaka yapimwe, na kuyapima si lazima kugharimu zaidi ya viatu. Mhariri azungumze na vijana thelathini katika kila eneo, mmoja mmoja, mbali na maskani ambako mmoja hujibu kwa niaba ya wote. Asiulize "ungenunua jarida letu?" kwa sababu Mpwani mstaarabu hatamvunja moyo mgeni, atasema angenunua. Aulize yaliyopita: mara ya mwisho ulinunua kitu cha kusoma lini? Kilikuwa nini? Ulilipa shilingi ngapi? Ulikisoma wapi, na sasa kiko wapi?

Jibu la swali la mwisho ndilo lenye faida kubwa. Anayesema alimpa dada yake, au kiliibwa bwenini, ni msomaji. Asiyekumbuka kilikokwenda hakukisoma.

Kisha litolewe toleo la majaribio la kurasa nane, nakala 300, mia kwa kila eneo, kila nakala ikiwa na alama ndogo ya rangi inayoonyesha ilipelekwa wapi: kwa vinyozi na saluni, kwenye maduka ya vitabu karibu na shule, au kwa wachuuzi wa vituo vya matatu. Baada ya wiki tatu mhariri arudi kila mahali na daftari lake.

Zilizouzwa atazihesabu, ndiyo. Lakini atazame zaidi zile zilizobaki kwa kinyozi. Nakala iliyo safi, kona zake zimenyooka, imekaa pale wiki tatu bila kuguswa. Ile iliyopoteza jalada, yenye alama za mafuta ya nywele kwenye ukurasa wa tano na shimo mahali ambapo mtu amekata maneno ya wimbo kwa wembe, hiyo aulize ilisomwa na nani.